Kabla ya Kuondoka, Chapa Karatasi Moja

Nimekuwa kimya kwa muda mrefu, wasomaji wangu, mniwie radhi. Kazi ya kuandika programu humbana mtu mpaka akija kushtuka miezi mitatu imepita. Leo nimerudi kwa sababu nimechoka kujibu swali moja kwa simu kila siku, nikaona afadhali nilijibu hapa mara moja.

Swali lenyewe ni hili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya karibuni, ambayo kwa Intel kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa nenda Luthuli Avenue au Moi Avenue uangalie zile leptopu za mtumba tunazoziita "ex-UK". Nyingi ni za kizazi cha 4, cha 5 au cha 6. Ni mashine nzuri kabisa, hazina ubaya wowote, ila Windows 11 haizitaki. Basi watu wananipigia: "Bwana, si uje uniwekee Linux?"

Zamani ningesema ndiyo kabla mtu hajamaliza sentensi. Siku hizi nauliza kwanza: "Ikikataa siku ambayo mimi sipatikani, nani hapo mtaani kwenu atakusaidia?" Wengine hudhani ninaringa, au kwamba nimeiacha Linux. Sijaiacha. Hata haya ninayaandikia kwenye Debian. Ngoja niwaeleze swali hilo lilitoka wapi, na ole wangu, maana si kisa kinachonipa sifa.

Turudi mwaka 2007. Nilikuwa kijana, nafanya kazi katikati ya jiji na ninaishi Kawangware, napanda matatu namba 46 asubuhi na jioni. Kwa wale mliozaliwa na intaneti mkononi, jueni kwamba wakati ule nyaya za chini ya bahari zilikuwa bado kufika Mombasa. SEACOM na TEAMS zilikuja mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, na saiba walitutoza shilingi moja kwa kila dakika. CD moja ya Linux ilikuwa na takriban megabaiti 700. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, hata ingeenda kwa kasi yake yote bila kukatika, ingechukua zaidi ya saa 28. Hakuna laini iliyokaa saa 28 bila kukatika!

Kwa hiyo Linux ilitufikia kwa mikono. Ubuntu walikuwa na mpango ulioitwa ShipIt, unajaza fomu, kisha baada ya wiki kadhaa unaletewa CD kwa posta bila kulipa hata senti. Mpango huo ulifungwa Aprili 2011. Mimi niliwahi kutoka Posta Kuu pale Kenyatta Avenue na bahasha yangu nikitembea kama mtu aliyepata viza. Matoleo mengine tuliyapata kwa jamaa aliyekuwa na bahati ya kufanya kazi mahali penye laini nzuri, anaacha kompyuta ikipakua usiku kucha, asubuhi anatuchomea nakala.

Jumamosi tulikuwa tunakutana, watu sita au saba, katika hoteli moja ndogo upande wa Tom Mboya Street, chai na mandazi mezani. Pale ndipo tulipopashana habari. Debian Etch imetoka Aprili. Mei hiyo hiyo ya 2007 Dell wameanza kuuza kompyuta zenye Ubuntu kule Marekani. Juni leseni ya GPL toleo la 3 imetolewa. Tulibishana kuhusu Jambo OpenOffice, ile ya Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Desemba 2004, kama Wakenya wataikubali au watacheka maneno yake. Tulibishana pia kuhusu mkataba wa Novell na Microsoft kana kwamba sisi ndio tuliotia sahihi. Na kila mtu alileta ugonjwa wake: huyu kadi yake ya mtandao wa wayalesi haionekani, yule skrini yake imebaki nyeusi, mwingine GRUB inampa "Error 17" na kazi yake imo ndani. Tulitibiana. Hakuna aliyetoka pale bila jibu, au angalau bila jambo la kwenda kujaribu.

Nilipenda sana Jumamosi hizo. Ndizo zilizonidanganya, maana nilianza kuamini kwamba huo msaada umo ndani ya programu yenyewe.

Karibu na nyumbani kwangu kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Sitamtaja jina. Alikuwa na kompyuta mbili za Pentium III, mashine ya fotokopi, printa ndogo ya leza na msichana mmoja wa kuchapa. Kazi zake ni zile mnazozijua: barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za jirani, kadi za harusi, na zaidi ya yote, programu za mazishi. Shida yake ilikuwa virusi. Kila mteja alikuja na flashi, na kila flashi ilikuja na wageni wake. Mnaikumbuka Brontok? Mnakumbuka makabrasha yanayofichwa, halafu unabaki na faili za .exe zenye picha ya kabrasha, ukibofya tu umekwisha? Kila mwezi alimlipa kijana mmoja afute kila kitu na kuweka Windows upya, ambayo kwa kweli nayo haikuwa imelipiwa.

Nikamwambia, "Mama, mimi naweza kukumalizia hiyo shida. Na bure."

Mei 2007 nikamwekea Xubuntu 7.04, maana RAM ilikuwa megabaiti 256 tu na Ubuntu ya kawaida ingetambaa. Nikafuta Windows kwenye mashine zote mbili. Zote mbili, mnasikia? Nilikuwa na hakika kiasi hicho. Printa ilinisumbua. Zile leza ndogo za bei nafuu hazielewi PostScript wala PCL; zinataka kompyuta ipike ukurasa mzima kisha iutume kwa lugha ambayo mtengenezaji peke yake anaijua. Nilipata draiva, nikaiweka kwa mkono, nikahangaika siku mbili za mapumziko, mwishowe ikachapa. Mama akafurahi. Virusi viliisha kabisa. Hata akaanza kutoza shilingi 20 kusafisha flashi za wateja: anaichomeka, anaona faili zote zilizofichwa, anafuta zisizofaa, anarudisha. Mtaani nikawa naitwa daktari. Na Jumamosi mezani nilisimulia habari hizo kwa madaha.

Miezi sita ikapita hivyo.

Oktoba 2007 ikatoka 7.10. Jamaa akatuchomea CD, na Jumapili moja ya Novemba nikaenda dukani kupandisha toleo. Kazi ilikwenda vizuri. Nikawasha mashine zote mbili upya, zikawaka. Nikafungua OpenOffice, ikafunguka. Nikamwambia Mama, "Kila kitu kiko sawa," nikanywa chai yake, nikaenda zangu. Sikuchapa hata karatasi moja.

Siku chache baadaye, Alhamisi, alikuwa na kazi ya programu ya mazishi, nakala 150. Familia ilikuwa inamsafirisha marehemu kwenda Magharibi, mazishi ni Jumamosi. Walitaka kuchukua kazi yao saa kumi na moja jioni, na basi lilikuwa liondoke mjini saa mbili usiku. Msichana alimaliza kuchapa wasifu saa tisa alasiri, akaagiza printa. Kimya. Akaagiza tena. Kazi imeingia foleni, halafu inasema imesimama. Wakazima, wakawasha, wakachomoa waya, wakachomeka. Kimya.

Mama alinipigia simu mara saba. Nilikuwa mkutanoni mjini, simu nimeizima mlio, imo mfukoni.

Kijana aliyekuwa akiweka Windows alipita, akaangalia skrini, akasema hii siijui. Mama akanakili faili kwenye flashi, akapanda 46 na foleni ile ya jioni, akafika River Road. Duka la kwanza faili haikufunguka. La pili haikufunguka. La tatu ilifunguka, lakini ikatoa kurasa za alama za ajabu zikianza na herufi PK. Kwa wale wasiojua, faili ya .odt ni mfuko wa zip wenye nyaraka ndani, na zip zote huanza na herufi hizo mbili. Word za wakati ule, bila kuongezewa programu nyingine, hazikuweza kuisoma. Microsoft iliongeza uwezo huo katika Office 2007 kwa sasisho la Aprili 2009. Mimi hayo niliyajua. Mama hakuyajua, na sikuwa nimemwambia.

Wasifu ulikuwa umeandikwa kwa kalamu katika karatasi ya daftari, na karatasi ilibaki Kawangware. Basi msichana akasimama dukani akiisoma kwa simu, na huku River Road mtu asiyemjua marehemu anaichapa upya neno kwa neno, kelele za makanga nje ya dirisha. Salio lilikatika mara mbili. Saa mbili kasoro programu zikatoka, Mama akazikimbiza hadi kwenye basi.

Katika orodha ya watoto wa marehemu, jina la mtoto wa tatu halikuwemo. Lilipotea salio lilipokatika.

Kama umewahi kukaa kwenye mazishi ya kwetu unajua maana yake. Wasifu unasomwa mbele ya watu wote, na watu wanao mkononi wanafuata kwa kidole. Mtu anakwenda kumzika baba yake na anajiona hayumo. Mimi sikuwepo, lakini niliambiwa alitoka kwenye hema. Na kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na mambo yake ya zamani, hakuna aliyeamini kwamba ni bahati mbaya.

Niliona simu saba zile saa moja usiku. Nilipofika dukani palikuwa pamefungwa. Mama nilimkuta kesho yake. Nilijitayarisha kugombezwa, wala hakunigombeza. Alinisikiliza nikieleza habari za draiva na toleo jipya, akangoja nimalize, kisha akasema: "Kijana wangu, ile Windows ilikuwa mgonjwa. Lakini mtaa mzima walijua dawa yake. Hii yako ni nzima, na daktari ni mmoja, na simu hashiki."

Nimesoma mengi kuhusu programu huria tangu siku ile. Sijapata aliyeeleza jambo hilo vizuri kuliko Mama.

Jumamosi nilikwenda kwa wenzangu pale hotelini, safari hii sikuwa na madaha. Niliwasimulia yote, hata jina lililopotea. Walinyamaza kidogo. Halafu jamaa mmoja, ambaye kwa kawaida alikuwa mkali kwa wasiojua kusoma maelekezo, akasema, "Twende." Tukapanda 46 watu watatu. Njiani tulianza kubahatisha: labda CUPS imebadilika, labda ni kerneli, labda njia ya USB imepewa jina jingine.

Tulipofika hakugusa printa. Alifungua kumbukumbu za mfumo na kuomba printa ichapwe wakati anaangalia. Mstari ukatokea: cupsd amekatazwa kufikia faili fulani. Kumbe! Katika 7.10 Ubuntu walikuwa wameiweka CUPS chini ya AppArmor. Hii ni kama askari wa getini mwenye orodha: programu inaruhusiwa kugusa faili zilizoandikwa tu, nyingine hapana. Draiva yangu niliiweka kwa mkono, mahali ambapo hapakuwa kwenye orodha. Askari alifanya kazi yake sawasawa. Mgeni wangu hakuwa na kitambulisho. Na onyo hilo lilikuwa limeandikwa katika maelezo ya toleo lenyewe, pamoja na dawa yake:

sudo aa-complain cupsd

Amri moja. Inamwambia askari aandike malalamiko lakini asizuie. Printa ikanguruma na karatasi ikatoka, wasifu ule ule, safi, majina yote. Msichana wa kuchapa aliuchukua akausoma, akaugeuza kifudifudi mezani. Hakuna aliyeshangilia. Baadaye tuliiongeza njia ya draiva kwenye orodha ya askari, ndiyo dawa ya kweli, badala ya kumwacha amelala.

Nilimwomba Mama anipeleke kwa jamaa za marehemu waliobaki Nairobi, nikaeleza kwamba kosa ni langu, si lake, wala si la mtu wa familia. Mzee mmoja alinisikiliza kwa heshima. Sidhani alielewa habari za faili ya zip. Alielewa kwamba hakuna aliyefuta jina kwa makusudi, akasema atamfikishia kijana. Pesa za kazi ile Mama alishazirudisha. Nilipotaka kumlipa yeye alikataa, akasema nimlipe kwa kuja dukani kila Jumapili mpaka mwaka uishe.

Nilikuja. Na tulibadilisha mambo, ambayo nayaandika hapa kwa wale wanaonipigia simu na kwa wale wanaowawekea wengine Linux:

1. Mashine moja ilirudishiwa Windows. Ndiyo, niliirudisha mimi mwenyewe. Mahali pa biashara usifute kila kitu siku moja, hata ukiwa na hakika kiasi gani.

2. OpenOffice niliiweka ihifadhi kila kitu kwa .doc, na kila kazi iliyokamilika inatolewa pia kwa PDF. Kibonyezo cha PDF kilikuwepo juu pale muda wote! Kama Alhamisi ile flashi ingekuwa na PDF, duka lolote la River Road lenye Adobe Reader lingechapa kwa dakika tano, na majina yote yangekuwemo.

3. Msichana wa kuchapa na yule kijana wa Windows niliwafundisha wote wawili. Si amri nyingi. Niliwaonyesha foleni ya printa iko wapi, kumbukumbu za mfumo zinasomwaje, na namba za simu za watu watatu, si mmoja. Yule kijana nilikuwa nimemnyang'anya riziki yake ya kila mwezi bila hata kufikiri. Alipojua Linux kidogo, daktari wakawa wawili mtaani.

4. Siondoki mpaka karatasi moja imetoka. Si kuwaka tu, si kufunguka tu. Ile kazi ambayo mwenye mashine anaitegemea kula, naifanya mbele yake mpaka mwisho, ndipo naomba chai.

Sasa turudi kwa Windows 10 na hizi leptopu zenu. Je, Linux itawafaa? Wengi, ndiyo. Mambo yamekuwa rahisi mno. Kazi nyingi za saiba za leo, eCitizen, KRA, HELB, zinafanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali kiko juu ya mfumo gani. LibreOffice inasoma faili za Word, ingawa zile zenye mapambo mengi bado huvurugika, kwa hiyo zijaribu kabla hujampelekea mkubwa wako. Printa nyingi mpya hazihitaji draiva. Lakini kabla sijaja, tafuta jirani mmoja, mpwa wako, au yule kijana wa duka la simu, awe karibu ninapoiweka. Nitamfundisha yeye pia. Asipopatikana mtu, nitakuwekea zote mbili, Linux na hiyo Windows yako, na utachagua ukiwasha.

Mama bado ana duka. Mwezi uliopita alinipigia mwenyewe: "Kijana wangu, hii Windows inaniambia imezeeka. Njoo na ile yako." Mimi sasa nina mvi, lakini kwake nitabaki kijana. Nilikwenda Jumapili. Yule msichana wa kuchapa wa siku zile sasa ndiye anayeendesha duka, na kabla sijafungua hata begi alishaweka rimu ya karatasi mezani, akaketi ubavuni mwangu.

Haya wandugu, tuonane tena panapo majaliwa. Na simu yangu siku hizi nashika.